Mnyama wa Chumvi Katika Beseni la Mama

Siku niliyomleta anemoni nyumbani, baba alisimama mbele ya beseni, akainama kidogo, akanyooka, akatoa hukumu.

"Hii ni ua," alisema. "Mwaitu, umeenda Mombasa wiki nzima ukarudi na ua."

Hilo neno mwaitu nilieleze mapema. Kwa Kikamba maana yake ni mama. Mimi nilipewa jina la nyanya yangu mzaa baba, kama ilivyo desturi kwetu, na kwa hiyo tangu nizaliwe baba hajaniita binti yake hata siku moja. Alinichapa nikiwa mama yake, akanipeleka shule nikiwa mama yake, na nilipokosa alama za kusomea udaktari, chuo kikuu kikanitupa kwenye biolojia, alinuna mwezi mzima kwa sababu mama yake mwenye miaka kumi na tisa alikuwa amemwangusha. Ubaya ni kwamba alikuwa ameshatangulia kuwaambia watu wote wa soko la Kangundo kwamba anazaa daktari. Ikabidi awarudie mmoja mmoja, akiwa amevaa koti lake la kanisani, kuwafahamisha kwamba ni daktari, ndiyo, ila wa vyura.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, ikielekea kuisha. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mume, nafundisha biolojia katika shule ya wasichana chini ya milima yetu, na ninalala chumba kile kile nilichosomea darasa la nane. Tulikuwa tumewapeleka wasichana wa kidato cha tatu kuona bahari. Siku ya mwisho maji yalipokupwa, nilimkuta kwenye kidimbwi cha mwambani kisichozidi sufuria ya ugali, amejishikiza kwenye jiwe la ukubwa wa parachichi, peke yake, amejikunjua kwa raha zake. Wasichana walipiga yowe. Mimi nilifanya jambo ambalo leo nisingelifanya, na ambalo ningemwadhibu mwanafunzi akilifanya: nikamchukua, yeye na jiwe lake, nikamtia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikajaza mtungi wa lita ishirini maji ya bahari, nikapanda navyo hadi Ukambani. Mwalimu mkuu alikataa katakata asikae maabara. Alisema maabara ni ya mitihani. Ndipo nikaja naye nyumbani, nikachukua beseni jekundu la mama la kuoshea sukuma wiki, nikaliweka juu ya meza ya sebuleni, dirishani, katikati ya vitambaa vya kufuma.

Nilichokitaka ni kimoja tu, na nitakisema bila kuzunguka. Nilitaka baba amwone yule mnyama. Nilitaka amwangalie akila, akitembea, akishika, halafu aseme kwa mdomo wake kwamba kitu nilichokisomea miaka minne ni kitu kweli, si michezo ya watoto na vyura. Wengine hutafuta baraka za wazazi wao kwa kuwajengea nyumba. Mimi sikuwa na nyumba, nilikuwa na anemoni.

Kwa asiyemjua, nimweleze. Ni mnyama laini, umbo lake kama kikombe. Chini ana unyayo mmoja anaojibandika nao kwenye jiwe, juu ana mdomo, na kuuzunguka mdomo ana minyiri mingi kama ya pweza, ila mifupi na myembamba. Wangu alikuwa wa rangi ya udongo, ncha za minyiri yake kijani. Hana ubongo. Hana mifupa, hana moyo, hana damu. Ngozi ya minyiri yake imejaa vishale vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Samaki mdogo akimgusa, vishale vinafyatuka vyote kwa pamoja, samaki analegea, na minyiri inamkunja hadi mdomoni. Kuna jamaa zake wanaoishi kwa makundi, wamebanana kama watu wa soko la Jumamosi. Wangu alikuwa wa wale wanaoishi mmoja mmoja, na wanaweza kuishi hivyo miaka mingi kuliko ng'ombe.

"Peke yake?" mama aliuliza nilipomweleza haya.

"Peke yake."

"Na anaonekana anapenda."

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna mtu kwao anamuuliza?"

Mama alikuwa na uwezo wa kufika kwenye suala la mume wangu akitokea mahali popote, hata chini ya bahari.

Baba hakushughulika na mnyama. Alishughulika na maji. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mashine ya kuchimba visima, wakizunguka sehemu zetu zote za ukame, Wamunyu, Kivaa, mpaka huko ambako mbuzi wenyewe hawataki kwenda, na kazi hiyo ilikuwa imemwachia ulimi. Baba alionja maji jinsi watu wengine wanavyosoma gazeti. Hata baada ya kustaafu, watu walimletea maji kwenye chupa za soda. Angeonja tone moja, atafune ulimi, aangalie dari, halafu aseme: haya ng'ombe watakunywa, mbuzi watakataa. Au: haya ukipika chai yatakata maziwa, mpe mke wako afulie, lakini sabuni itamlilia. Hakukosea. Kuna mzee mmoja aliyejaribu kumtega kwa kuchanganya maji ya visima viwili. Baba alivitaja vyote viwili na kumwambia chupa ilikuwa na mafuta ya taa mwezi uliopita.

Kwa hiyo siku ile ile, baada ya kuhukumu kwamba ni ua, alichovya kidole kwenye mtungi wa maji ya bahari, akakiramba, akatema kupitia dirishani, juu ya maua ya mama.

"Aiya," alisema. Akachovya tena kuhakikisha. "Hata kule Kivaa sijapata kama hii." Akakaa kitini. "Na hii maji iko nyingi?"

"Ni bahari, baba. Haina mwisho."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyesikia kwamba kuna shamba kubwa sana halina mwenyewe.

Wiki ya kwanza niliandaa onyesho. Nililoweka omena, dagaa wakavu wa ziwani, nikawaketisha wazazi wangu kwenye makochi, nikashika kidagaa kimoja kwa koleo ndogo niliyoiazima maabara, nikakishusha polepole kwenye minyiri. Ilifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotarajia. Minyiri ilikishika, ikajikunja, mdomo ukafunguka, na omena akaingia kichwa kwanza mpaka mkia ukapotea.

"Aiya!" mama akaruka. "Amemeza! Amemeza mzima mzima!"

Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa amesogeza uso, amekunja paji la uso.

"Naona ua," alisema.

"Baba, amekula samaki. Samaki yuko tumboni mwake sasa hivi."

"Basi hiyo ua imefunga. Kwani wewe hujaona maua inafunga jioni?"

"Ni saa tisa mchana!"

"Mwaitu, usinipigie kelele. Nimesema naona ua."

Nikaamini kwamba ni ukaidi. Baba alikuwa na ukaidi wa kutosha kugawia kijiji, na katika miaka miwili ya karibuni ulikuwa umekomaa. Alikuwa mkali. Chai ikimwagika, kikombe kilikuwa kimewekwa vibaya. Watu wakimpita njiani bila kumwamkia, walikuwa wamekosa adabu. Wao nao walilalamika kwamba mzee siku hizi ana maringo. Gazeti alikuwa ameacha kusoma kwa sababu, alisema, lilikuwa limejaa uongo. Nilijiambia ni uzee, na kwamba ukaidi hutibiwa kwa ushahidi. Mimi ni mtu wa sayansi.

Kesho yake ushahidi ulikuja kwa njia mbaya. Anemoni hana mlango wa nyuma. Anachokula kinaingia kwa mdomo, na kinachobaki kinatoka kwa mdomo huo huo. Mama aliingia sebuleni kupangusa vumbi na kukuta anarudisha magamba na mifupa ya omena, imefungwa kwenye ute, na minyiri ikiisukuma nje kwa utaratibu.

"Ameugua! Anatapika!"

"Hatapiki, mama. Hiyo ni choo yake."

Mama alitazama beseni. Alitazama mdomo wa mnyama. Nilimwona akilipiga hesabu jambo lile ndani ya kichwa chake mpaka likatoa jibu.

"Kwa mdomo?"

"Ana tundu moja tu."

"Kwenye beseni yangu ya sukuma?"

Nilimnunulia mama beseni jipya la buluu wiki ile ile. Lile jekundu hakulitaka tena hata kwa kuoshea miguu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani wote watatu. Tuliporudi, jiwe lilikuwa tupu. Nilitafuta chini ya meza na kati ya vitambaa, hadi nilipomwona: alikuwa ameondoka kwenye jiwe na kujibandika ukutani mwa beseni, upande wa dirisha. Anemoni hutembea, ila polepole sana, kwa kuteleza juu ya unyayo wake. Safari ya kiganja kimoja inaweza kumchukua nusu ya siku. Wangu alikuwa ameitumia ibada yetu yote, pamoja na matangazo, kwenda kutafuta mwanga. Nilicheka kwa furaha. Mama alisema mnyama ambaye haendi kanisani lakini anatembea Jumapili ni wa kuombewa.

"Baba, ametembea! Alikuwa hapa, sasa yuko hapa!"

Baba alinyoosha shingo. "Umesukuma jiwe," alisema, akaenda kubadilisha nguo.

Nilimtunza hivyo wiki tano. Kila jioni nilichukua pampu ya baiskeli ya baba na mpira mwembamba, nikampulizia hewa ndani ya maji, pumzi mia mbili, kwa sababu baharini mawimbi ndiyo humfanyia kazi hiyo na Kangundo hatuna mawimbi. Majirani walipopita wakaniona kupitia dirishani nikipampu beseni, walimpa mama pole kimya kimya. Nilimlisha mara mbili kwa wiki. Duka lililokuwa karibu lilianza kuleta omena kwa ajili yetu tu, na habari zikaenea kwamba familia yetu, Wakamba wa miaka yote, imeanza kula samaki.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nalisema polepole kwa sababu bado linaniuma.

Ulikuwa msimu wa jua kali. Chini ya lile paa la mabati, maji ya beseni yalipungua kila siku upana wa kidole. Maji ya bahari kwenye mtungi yalikuwa yamebaki nusu, nikawa nayabania kwa ajili ya kubadilisha beseni lote. Nikaamua kujazia. Na mtu wa kwetu akitafuta maji ya chumvi, hafikirii bahari, anafikiria kisima. Shuleni kwetu kulikuwa na kisima cha mashine chenye maji ambayo wageni waliyatema. Nikabeba kopo moja kila jioni. Kwa kuwa nilijua hayafikii ya bahari, nikaongezea vijiko viwili vya chumvi ya jikoni, nikakoroga, nikamimina, nikalala usingizi mzuri.

Msomaji mwenye akili ameshaona. Jua huchukua maji peke yake, chumvi yote inabaki ndani ya beseni. Kilichokuwa kinahitajika ni maji matamu, ya mvua, ya tangi letu lililokuwa hatua kumi kutoka dirishani. Mimi kila jioni nilikuwa nampelekea chumvi mnyama ambaye tayari alikuwa anazama kwenye chumvi. Na jambo hilo, la maji kugeuka mvuke na chumvi kubaki, nilikuwa nalifundisha kidato cha kwanza Jumanne na Alhamisi, kwa mchoro na mishale, na waliokosea niliwapa alama sifuri.

Akaanza kufunga. Kwanza minyiri ilifupika, halafu akaingia ndani kama soksi iliyogeuzwa, halafu akawa kidonge cha nyama chenye mikunjo, kidogo kuliko ndimu. Omena alimkataa. Siku ya pili nikamwongezea chumvi, nikidhani haimtoshi.

"Amekufa," mama alisema.

"Amelala."

"Ukimtupia kuku, watamla?"

"Mama, amelala!"

Baba aliuliza siku moja tu, akiwa amekaa kwenye kochi lake. "Ua yako iko namna gani?" Nikamwambia haijambo, imejikunjua vizuri leo. Nilimdanganya mchana kweupe, mnyama akiwa mbele yake kama ndimu iliyokauka, na alinijibu "vizuri" bila kubisha. Nilishangaa kwamba hakubisha. Sikufikiri zaidi ya hapo, maana nilikuwa na shughuli nyingi za kuona aibu.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni mapema. Nilipofungua mlango nilimkuta baba amesimama juu ya beseni, ameshika kopo. Mtungi wangu wa maji ya bahari ulikuwa wazi. Ndoo ya maji ya tangi ilikuwa miguuni pake, na alikuwa anachota kutoka humo, maji matamu kabisa, ya mvua, na kumimina juu ya anemoni wangu.

Sikuwa nimewahi kumpandishia baba sauti kabla ya siku ile. Kwetu hufanyi hivyo. Unaweza kununa, unaweza kuhama, lakini hupayuki mbele ya baba yako. Nilipayuka.

"Wee! Unamuua! Huyo ni mnyama wa baharini! Unajua nini wewe juu ya huyu mnyama? Kisima na bahari ni kitu kimoja?"

Hilo swali la mwisho, nikilikumbuka, natamani ardhi inimeze. Ni mimi niliyekuwa nimemtilia mnyama maji ya kisima.

Baba hakufoka. Aliweka kopo mezani taratibu, akapapasa ukingo wa meza mpaka likakaa sawa.

"Nimeonja maji yake," alisema. "Nikaonja na ya mtungi. Ya mtungi ni bahari. Hii ya beseni imepita bahari. Birika ya ng'ombe ikikaa juani, mwaitu, mwisho wake inabaki nini?"

Nilitazama ndoo ya maji ya mvua miguuni pake.

"Jua inakunywa maji. Chumvi hairambi." Akachukua kofia yake. "Lakini mimi sijui kitu. Wewe ndiye ulisoma."

Akatoka. Jioni hiyo hakula sebuleni. Alikula jikoni, kwenye kigoda, kati ya kuni na paka. Ijumaa asubuhi vile vile. Mgeni alipokuja na chupa yake ya maji, nilimsikia baba akimwambia kwa sauti ya kuhakikisha nasikia, "Leo sionji. Mama yangu amenigombeza."

Mama alikuja kusimama mlangoni mwa chumba changu, mikono kiunoni. "Umemfanya nini? Mwanaume wa miaka sabini ananiambia mama yake hampendi. Mama yake alikufa nikiwa na mimba yako!"

Nilikaa mbele ya beseni. Nilichukua kopo lile lile, nikachovya kidole kwenye mtungi, nikaramba, nikachovya kwenye beseni, nikaramba. Mimi sina ulimi wa baba, lakini hata mimi nilisikia. Ya beseni yalikuwa bado makali. Kazi yake aliikatisha katikati kwa sababu yangu. Nikaimalizia, kopo kwa kopo, nikionja na kutema dirishani mpaka mdomo ukafa ganzi. Nilijiona mjinga kabisa, nikajua pia kwamba ni haki yangu.

Jumamosi asubuhi alikuwa amefunguka. Si kabisa, minyiri michache tu, imetokeza kwa woga kama vidole vya mtoto anayechungulia kutoka nyuma ya mlango. Kufika saa nne ilikuwa imetoka yote, na ncha zake zilikuwa kijani tena.

Nililiinua beseni zima. Lilikuwa zito, maji yakanimwagikia sketi yote, na nikatoka nalo uani kama mtu anayekimbia moto. Baba alikuwa nyuma ya jikoni, kwenye kigoda, anapukuchua maharagwe. Niliweka beseni chini mbele yake, nikapiga magoti kwenye maganda.

"Baba, nisamehe. Nilikukosea, na tena ni mimi nilikuwa namuua. Wewe ndiye umemponya. Amefunguka. Mwangalie."

Aliendelea kupukuchua ganda moja, akalimaliza. Alikuwa anataka kukasirika bado kidogo, lakini sifa ilimzidi nguvu.

"Maji sasa iko sawa?"

"Iko sawa. Mwangalie, baba. Mguse. Hatakuumiza."

Akapangusa mkono kwenye suruali. Akanyoosha kidole cha shahada, akakiingiza kwenye beseni, upande wa kulia, ambako hakukuwa na kitu. Akakizungusha pale, kwenye maji matupu.

"Hapa?"

"Kushoto."

Kidole kikaenda kushoto, kikapita juu ya jiwe, kikagonga ukingo wa plastiki, kikatulia hapo. Baba akaibonyeza ile plastiki mara mbili, kwa upole.

"Ni ngumu," alisema.

Nilimtazama usoni. Ni kama nilikuwa sijamtazama kwa muda mrefu sana, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Macho yake yalikuwa yamenielekea mimi, au mahali sauti yangu ilipotokea. Katikati ya kila jicho palikuwa na kitu cheupe, kama maziwa kidogo yaliyodondokea kwenye chai.

"Baba," nilisema. "Unamwona?"

Aliinama zaidi juu ya beseni.

"Naona kitu nyekundu."

"Hiyo ni beseni."

Alifikiri. "Basi naona beseni," alisema.

Nilishika mkono wake. Nikaupeleka polepole, kidole chake ndani ya maji, mpaka kikaingia katikati ya minyiri. Ikakishika. Ile minyiri ya anemoni hainati kwa gundi. Ni vile vishale vyake maelfu vinavyojichoma kwenye ngozi nene ya mtu bila kufika popote, lakini yeye hajui kwamba haviwezi, anakaza tu. Baba alishtuka, akatoa sauti ndogo, halafu hakusogea tena. Uso wake wote ulifunguka.

"Ananishika!" alisema. "Mwaitu, ananishika! Anavuta kama ndama." Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aache kusoma gazeti. "Huyu ni mnyama. Nani alisema ni ua? Huyu ni mnyama kabisa!"

Nilikuwa nimeshinda. Miaka yote ile nilikuwa nimelingoja hilo neno, nikalipata likitoka kinywani mwake mwenyewe, na lilinichoma moyo. Wiki saba nilikuwa nimemchunguza asubuhi na jioni mnyama asiye na macho. Nilijua upana wa mdomo wake, nilijua anapenda upande gani wa dirisha. Katika nyumba hiyo hiyo baba yangu alikuwa anapoteza macho, anapapasa meza, anapitwa na marafiki zake njiani, na mimi nikasema ni uzee, nikasema ni kichwa kigumu. Nilianza kulia, na nikajaribu kulia bila sauti, nikidhani nikifanya hivyo hatajua.

"Unalia nini? Si nimesema ni mnyama?"

"Tangu lini, baba?"

"Nini?"

"Macho."

Alisogeza kidole kidogo ndani ya minyiri, akisikiliza jinsi inavyomfuata. "Mwaka juzi, wakati wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nachuma mbichi pamoja na nyekundu, mama yako akanigombeza. Nikamwambia nimefanya makusudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Watu wanakuja kwangu na chupa zao. Nikisema sioni, watasema hata ulimi umeisha."

Nilimwambia kuna madaktari wa macho hospitali ya Machakos, kwamba ule weupe huondolewa, kwamba ni kazi ya asubuhi moja, na kwamba Jumatatu nitaomba ruhusa shuleni nimpeleke mwenyewe. Alisikiliza yote kwa makini, kichwa kikiwa upande, na mama naye akawa amefika mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, ananyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Jumatatu haiwezekani," baba alisema mwishowe. "Kwa hii jua, Jumatatu maji itakuwa imepanda chumvi tena, na nyinyi wote hamjui kuonja. Twende Jumanne."

Kidole chake kilikuwa bado ndani ya beseni, na hakuonekana kuwa na haraka ya kukitoa.